Viza imetoka, lakini bima ya mama itamlipia hospitali?

*Shikamoo anti. Mama yangu ana miaka 67, ana presha siku nyingi na sukari iligundulika mwaka juzi. Dada kajifungua huko Hamburg kwa hiyo mama anaenda kumlea mzazi miezi miwili. Bima ya viza tulikatiwa na wakala, sasa juzi naangalia ile fomu nakuta pale penye swali la magonjwa kajaza "hapana" kote. Kumuuliza ananiambia niache wasiwasi, ubalozi hauangalii hayo na ukisema ndiyo bei inapanda bure. Viza imeshatoka, safari wiki mbili zijazo. Niache hivyo hivyo? – Binti wa Tanga*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa mtoto. Usiache hivyo, tafadhali.

Wakala kakwambia kweli upande mmoja tu. Ni kweli ubalozi hauulizi mama anameza vidonge gani. Kanuni za viza ya Schengen, yaani ile viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, zinataka bima isiyopungua euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen kwa siku zote atakazokaa, igharamie matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa na msiba ukitokea. Afisa wa viza anayatafuta hayo kwenye kile cheti cha ukurasa mmoja, akiyaona anaendelea na mengine. Lakini bili ya hospitali haiendi kwa afisa wa viza, inaenda kwa mtu wa madai kwenye kampuni ya bima, na yeye anasoma zile kurasa nyingine zote ambazo nyie hamjazisoma, pamoja na fomu yenye "hapana" na sahihi ya mama chini yake.

Na watajua tu. Mama akifikishwa emajensi kizunguzungu kimemshika, swali la kwanza la daktari ni unatumia dawa gani, na lazima aseme maana hapo ni uhai wake, akisema amlodipine ya presha na metformin ya sukari yanaandikwa kwenye ripoti na ripoti ndo inayoambatana na bili. Kampuni ikiona hivyo inaomba faili lake la kliniki huko nyumbani. Naomba sana wala msifikirie kumwambia mama amfiche daktari ili kulinda bima, hilo hapana kabisa.

Sasa elewa kwamba hapa kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. La kwanza, mkataba wenyewe unaweza kusema ugonjwa uliokuwa nao kabla ya bima haulipiwi, hapo presha hailipiwi ila akivunjika mkono analipiwa kama kawaida. La pili ni kubwa zaidi, kwamba hukusema ukweli kwenye fomu. Sheria za bima kwetu Tanzania, na Kenya vilevile, zinamtaka anayekata bima aseme kila jambo la maana, asiposema kampuni inaweza kuufuta mkataba mzima, hata ule mkono usilipiwe. Na fomu imejazwa na wakala lakini kasaini mama, kwa hiyo atakayedaiwa na hospitali ni mama na dada yako huko huko Hamburg. Wakala kamisheni yake keshakula. Inaniuma sana hii tabia kwa kweli, wazee wetu wanasafirishwa na karatasi tu.

Leo hii andika imeili kwa kampuni yenyewe, siyo kwa wakala peke yake. Sema jibu la afya lilijazwa kimakosa, taja magonjwa, majina ya dawa, dozi, na lini dozi ilibadilishwa mara ya mwisho. Hili la dozi watu wanalipuuza, mikataba mingi inahesabu ugonjwa kuwa haujatulia kama dawa imebadilishwa au kuongezwa miezi ya karibuni, na hata dalili ambazo hazijapimwa au vipimo ambavyo majibu yake hayajatoka vinahesabika. Kisha waulize wakujibu kwa maandishi, presha au sukari ikileta dharura mtalipa au hamlipi, na mwisho ni kiasi gani? Wengine wanalipa lakini kwa kikomo kidogo mno ukilinganisha na hizo euro 30,000. Wakikataa, tafuta kampuni nyingine kabla ya ndege, bei itapanda ndiyo, mlipe tu. Hakikisha tarehe zinalingana na safari na cheti kipya mama akibebe mkononi maana hata mpakani wanaweza kukiulizia. Dawa za miezi yote miwili zikae kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari.

*Habari mshauri. Baba alienda Dubai akateleza kwenye ngazi akavunjika mguu, tukachangishana tukalipa hospitali. Bima wamekataa kurudisha hela eti kwa sababu ana kisukari, na kisukari alikiandika kwenye fomu. Tufanyeje? – Msomaji, Mombasa*

Pole kwa mzee. Kwa kuwa alisema ukweli mko mahali pazuri. Dai barua ya kukataliwa inayotaja kifungu chenyewe cha mkataba, msikubali jibu la simu. Wanachoweza kujitetea nacho ni kwamba sukari ilishuka akapata kizunguzungu ndo akaanguka, kwa hiyo kinachotakiwa ni ripoti ya hospitali ya Dubai, sukari ilikuwa ngapi alipofikishwa na alieleza vipi alivyoanguka. Kama sukari ilikuwa sawa na ngazi ilikuwa na maji, kisukari kinahusika wapi na mfupa? Ambatanisha na risiti zote halisi, katieni rufaa kwa kampuni, wakishikilia pelekeni malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima Kenya, IRA, Nairobi. Wa Tanzania mna TIRA na pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Angalieni pia kama mlipiga ile namba ya dharura mzee alipolazwa, wengi hawapigi na kampuni inalishika hilo kama sababu nyingine.

*Anti niko Minnesota, mama anakuja toka Nakuru, ana presha. Nimepata bima ya wageni ya bei nafuu, inasema inalipia ugonjwa wa zamani ukilipuka ghafla. Inatosha?*

Inasaidia lakini isome polepole. Hiyo maana yake ni tukio la ghafla lisilo na dalili za kabla, na mara nyingi lazima afike hospitali ndani ya saa 24. Kliniki ya kawaida, kupima presha, dawa zikiisha, hawalipi. Halafu angalia umri, nyingi zinakiondoa kipengele hicho au kukipunguza sana mtu akifika miaka 70. Na usitegemee Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, siyo ya wageni. Kama mama amekaribia 70 nitumie umri wake kamili na dawa anazotumia, tutazungumza toleo lijalo.