Godoro la mpira: fungua zipu kabla ya kufungua pochi

Wasomaji wanaotuuliza kuhusu godoro la lateksi, yaani lililotokana na utomvu wa mpira, hulinganisha unene na bei. Kava wanalipita, na ndilo linaloamua nusu ya raha utakayoipata.

Nimeonyeshwa magodoro mawili ya lateksi: moja Dunlop, jingine Talalay, na hili la pili ni ghali zaidi. Kwa nini? (Njiro, Arusha)

Hizo ni njia mbili za kutengeneza. Dunlop ilianza Uingereza mwaka 1929: utomvu hupigwa mpaka utoe povu, humiminwa kwenye kalibu na kupikwa kwa mvuke. Chembe nzito hutuama kabla povu halijashika, kwa hiyo upande mmoja huwa mgumu kidogo kuliko mwingine. Kwenye Talalay kalibu haijazwi. Hewa hufyonzwa ili povu livimbe lenyewe, kisha hugandishwa kwa baridi kali kabla ya kupikwa. Hatua hizo ndizo unazolipia, nawe unapata godoro jepesi, lenye ugumu ule ule juu na chini.

Ukiwa mzito au unalala chali, Dunlop inakutosha. Hatuoni sababu ya kuongeza hela. Anayelala ubavu na kuamka bega likimuuma atafute laini, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Uliza namba ya ugumu iitwayo ILD: chini ya 20 ni laini, 25 hadi 30 ni wastani, kuanzia 35 ni gumu.

Lateksi ni ile ile, kava mbili tofauti. Lenye kava nene la kushonewa ni ghali na nalihisi gumu. Nachanganyikiwa. (Pasua, Moshi)

Mikono yako haikudanganyi. Lateksi hufanya kazi kwa kuvutika: bega linapozama, pale pale tu ndipo panaposhuka. Kitambaa kisichovutika, kikikazwa, huwa kama ngozi ya ngoma. Unabonyeza katikati, kinavuta mpaka kingoni, na ulaini uliolipia hauufikii.

Kava la kufumwa, linalovutika kama fulana, ndilo la bei ya chini na ndilo linaloiacha lateksi ifanye kazi yake. Kava lililoshonewa sufu ya kondoo (si sufi ya mti) huongeza ugumu kidogo, lakini hunyonya jasho na kutunza joto. Arusha ya Juni na Julai utalishukuru, Moshi mjini hulihitaji sana. La kukwepa ni kava lililoshonewa sponji. Sponji hiyo huchoka miaka mingi kabla ya lateksi, bonde linatokea usawa wa kiuno, na mwenye godoro anailaumu lateksi ambayo bado nzima.

Naweza kumpa fundi cherehani anishonee kava? Godoro ni futi 6 kwa 6, inchi 6. (Sakina, Arusha)

Unaweza, na utaokoa fedha. Juu weka kitambaa cha kufumwa cha pamba kinachovutika pande zote mbili; chini hata kaki inafaa. Ukanda wa ubavuni uwe na urefu wa inchi 288, kisha uongeze nafasi ya mshono. Zipu izunguke pande tatu, inchi 216, karibu mita 5 na nusu. Zipu ya upande mmoja itawalazimu kulikunja godoro zito kwa nguvu, na lateksi huchanika ikivutwa kwa vidole.

Kosa kubwa ni kukata kabla ya kufua. Pamba ikirudi asilimia 5 tu, inchi 72 zinapungua zaidi ya 3 na nusu. Kava litabana, pembe zitajikunja juu, na ile ngozi ya ngoma imerudi.

Nitajuaje sijauziwa sponji? (Kiboriloni, Moshi)

Lipime. Dunlop ya futi 6 kwa 6, inchi 6, ina kilo 40 hivi. Sponji ya kawaida ya ukubwa huo haifiki 20. Kisha fungua zipu utazame ubavuni kuanzia juu hadi chini, maana wapo wanaoweka lateksi ya inchi 2 juu ya sponji. Lateksi ina vitundu vilivyopangwa kwa mistari, alama za kalibu. Kava lisilo na zipu, muuzaji akikataa kukuonyesha ndani, liache.

Tunaanika godoro juani kila mwezi. Na hili pia? (Rau, Moshi)

Hapana, tafadhali. Jua huikausha lateksi, inakuwa ya njano na kumeguka kama mkate mkavu. Vua kava, anika kava peke yake, godoro lipigwe na upepo kivulini. Chaga za kitanda zisiachane zaidi ya sentimeta 7, la sivyo lateksi itazama katikati yake. Kwa mtoto anayekojoa usiku, usitandike nailoni kavu inayopiga kelele. Tafuta shuka la kuzuia maji lenye kitambaa kinachovutika juu.