MUULIZE ANKO: Muziki wa kwenye magrupu ya Usenet, naanzia wapi?

Shikamoo anko. Mimi niko Tandika, napenda sana blues na jazz za zamani hasa zile rekodi za shoo za laivu ambazo huku huzipati. Kuna jamaa anaingizia watu nyimbo kwenye flashi hapa mtaani akanambia vitu hivyo vipo kibao kwenye magrupu ya Usenet, niingie Google Groups nitafute. Nimetafuta siku mbili sijaona hata faili moja, naona maandishi ya watu ya miaka ya tisini tu. Natumia laptopu na hotspoti ya simu. Nianzie wapi, na bando litaenda kiasi gani?
Msomaji, Tandika

Marahaba mdogo wangu. Huyo jamaa hajakudanganya ila alichokwambia kimepitwa na wakati. Google Groups ilikuwa kama dirisha tu la kuchungulia Usenet, tena upande wa maandishi, mafaili ya muziki hayakuwepo pale, na tangu Februari 2024 hilo dirisha wamelifunga, haziingii posti mpya, zimebaki za zamani za kusoma.

Usenet yenyewe, yaani mtandao wa magrupu ambako watu wanawekeana posti kupitia seva (kompyuta zinazotunza posti hizo), ipo na inafanya kazi. Walioibuni ni wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, mwaka 1979, yaani kabla hata ya hizi tovuti tunazozijua, na waliitengeneza kwa ajili ya maandishi tu, mtu anaandika kwenye seva ya kwake na seva zinapeana nakala zenyewe kwa zenyewe. Hilo la maandishi lishike kichwani maana ndilo linalowachanganya wageni wote. Wimbo sio maandishi, kwa hiyo ili upite lazima ugeuzwe uwe kama maandishi afu ukatwe vipande vidogovidogo. Zamani ule ugeuzaji ulikuwa unaongeza uzito wa faili kwa theluthi nzima na zaidi, hapo bando lako lingelia, ila tangu 2001 kuna njia inaitwa yEnc inayoongeza kama asilimia 2 tu, na ndiyo utakayoikuta karibu kila mahali.

Ukifungua grupu la muziki, majina yake mara nyingi yanaanza na alt.binaries.sounds, utaona kichwa cha posti kimekaa hivi:

[04/12] - "04.mp3" yEnc (3/13)

Watu wengi wakiona hivyo wanafunga laptopu. Soma taratibu. Hilo 04/12 maana yake ni faili la nne kati ya mafaili kumi na mawili, yaani wimbo wa nne wa albamu. Ile 3/13 ya mwisho ni kipande cha tatu kati ya vipande kumi na vitatu vya huo wimbo mmoja. Ni kama unatuma kabati Mwanza kwa basi, fundi amelifungua mbao mbao na kila ubao ameuandika namba kwa chaki. Ubao mmoja ukidondoka njiani kabati halisimami.

Na mbao zinadondoka kweli! Dawa yake ni mafaili yanayoishia na .par2, na hapa naomba unisikilize vizuri maana hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote Usenet. Hayo ni mafaili ya akiba yaliyogawanywa kwa bloku, yaani vijisehemu vya data, na kila bloku ya akiba inaweza kuziba bloku yoyote iliyopotea, haijalishi ni ipi. Zikikosekana bloku 20 unahitaji bloku zozote 20 za akiba, programu inapiga hesabu yenyewe na wimbo unarudi ulivyokuwa, hata sekunde moja haipungui. Mara ya kwanza kuona faili lililovunjika linajiunga mbele ya macho yangu nilikaa kimya nikalitazama mpaka mwisho.

Sasa vitendo. Unahitaji vitu vitatu, seva ya kulipia, programu, na faili la NZB. NZB ni kafaili kadogo kama karatasi ya orodha, inaiambia programu vipande vyote vya albamu viko wapi ili usihangaike kuvitafuta kimoja kimoja. Programu chukua SABnzbd, ni ya bure, inadaunlodi, inakagua, inaziba kwa par2 na kufungua mafaili yaliyobanwa pamoja bila wewe kugusa. Kwenye setingi weka poti 563 na SSL (ile ya kuficha mawasiliano yako) iwe on, usiiache 119 maana ile haijafichwa, mtu wa kati anaona unachopitisha.

Kwenye seva usikurupuke. Mimi mwanzoni nililipia mwezi mzima bila kikomo, bando likakata siku ya tatu, siku zilizobaki nimelipia hewa, na iliniuma kwa sababu ile hela ilikuwa na kazi nyingine. Wewe nunua bloku, sio zile za par2, hapa maana yake unalipia GB kadhaa, mfano 25, unazitumia taratibu na nyingi hazina tarehe ya kuisha. Kabla ya kulipa angalia seva inatunza mafaili siku ngapi, zile nzuri zinapita siku 5,000, na kwa mtu wa vitu vya zamani kama wewe hilo ni muhimu kuliko spidi. Halafu seva za bure zipo ila ni za maandishi tu, usipoteze muda huko ukitafuta nyimbo.

Hesabu ya bando iko hivi: MP3 ya 320 kbps, yaani ya ubora wa juu, inakula kama MB 2.4 kwa dakika, wimbo wa dakika nne kama MB 10, albamu ya nyimbo kumi na mbili MB 120 hivi. Ukitaka FLAC, yaani faili la muziki lisilopunguzwa ubora, albamu hiyohiyo inaweza kupita MB 300. SABnzbd ina sehemu ya ratiba, iambie ianze usiku bando la usiku likishaingia na isimame asubuhi, wewe ukalale.

La mwisho, sio kila kilichopo huko ni halali kukichukua. Vingi vimewekwa bila ruhusa ya wenyewe, na hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inawalinda wanamuziki, hao ni watu wanaolipa studio kwa jasho. Albamu ikiwa inauzwa, inunue. Bahati nzuri unachokitaka wewe, rekodi za shoo, kuna wanamuziki walioruhusu mashabiki wao warekodi na kugawana bila kuuza, Grateful Dead ndio wanaojulikana zaidi kwa hilo. Anza na za namna hiyo. Na Internet Archive wana hifadhi nzima ya shoo za laivu tangu 2002, bure kabisa, pitia huko kabla hujatoa hata senti.

Anko habari za kazi. Mimi nimeshaanza Usenet ila kuna albamu nimeshusha inadai paswedi, na ndani kuna maelezo niende tovuti fulani nijaze fomu ndo nipewe. Nijaze?
Dada wa Mbezi

Nzuri dada. Usijaze, futa hilo faili sasa hivi. Hakuna albamu humo, wanataka namba yako au kadi yako. Na kwenye Windows washa ile setingi ya kuonyesha herufi za mwisho za jina la faili, ukikuta wimbo unaishia na .exe usiubonyeze hata kwa kujaribu, wimbo unaishia na .mp3 au .flac.