Maswali ya Wasomaji: Kibao cha Kumbukumbu Kiandikwe Nini, Kifungwe Vipi?

Mhariri, habari za kazi. Wahitimu tuliosoma hapa Dodoma tunachangishana tuweke kibao cha historia ya mji. Tumekwama kwenye mwaka. Kuna anayesema Dodoma imekuwa makao makuu tangu 1973, mwingine 1996, mwingine 2018. Tumfuate nani? *Msomaji, Makulu*

Kila mmoja ameshika tukio lake. Mwaka 1973 ulitolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa. Mwaka 1996 Bunge lilihamia. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kuwa Serikali yote inahamia, na tarehe 26 Aprili 2018 akaipandisha manispaa kuwa jiji; mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu. Kwa hiyo msiandike "ilikuwa makao makuu" kisha mkagombania tarakimu. Andikeni "uamuzi ulitolewa", "Bunge lilihamia", "sheria ilitungwa". Vibao vingi huharibiwa na kitenzi kuliko tarehe.

Jihadharini pia na jiwe la msingi. Tarehe iliyomo ni ya siku jiwe lilipowekwa. Jengo lenyewe huenda likafunguliwa miaka baadaye. Na umri wa taasisi si umri wa nyumba zake: Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, lakini ukumbi wa Chimwaga uliomo chuoni humo ulikuwapo kabla yake, ukitumika kwa mikutano ya CCM. Ukiubandika 2007 peke yake, umeukata historia yake nusu.

Maneno yasizidi sitini. Yachapeni kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, mbandike ukutani, kisha mtu ambaye hakushiriki kuyaandika asimame mita tatu na kuyasoma kwa sauti. Herufi za milimita 12 zinatosha kwa umbali huo. Akikwama, rekebisheni hapo hapo, maana kosa likishachongwa halifutiki.

Tunataka kuweka bamba la shaba ya njano, sentimita 60 kwa 40, kwenye nyumba ya zamani ya matofali karibu na reli. Fundi anataka kulibandika kwa saruji na skrubu za kawaida. Je, ni sawa? *Msomaji, Kikuyu*

Hapana, na tafadhali mzuieni kabla hajaanza.

Kwanza ruhusa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka uliowekwa ndani yake, ambao ni wa karne ya 19. Ya baadaye hulindwa yakitangazwa. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914, hivyo nyumba zilizokuja na reli haziingii katika ulinzi huo wa moja kwa moja. Hiyo haimpi mtu kibali cha kutoboa. Pateni ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kisha muulize ofisi ya mipango miji ya jiji.

Saruji hunata kuliko tofali la zamani na huzuia unyevu kutoka. Siku bamba likibanduliwa, uso wa tofali hung'oka nalo. Skrubu ya chuma ikigusana na shaba huku mvua ikinyesha huliwa haraka. Kutu huvimba, hupasua tofali na kuacha michirizi ya kahawia. Tumieni skrubu za stenlesi.

Toboeni kwenye kiungo cha chokaa kati ya tofali na tofali, si kwenye tofali lenyewe, kwa sababu kiungo huzibika tena na tofali halirudi. Drili izunguke tu, isigonge. Matundu manne ya kina cha milimita 60 yanatosha. Pulizeni vumbi lote kabla ya kuingiza fisha (plagi za plastiki zinazoshika skrubu), la sivyo zitalegea. Matundu ya bamba yazidi unene wa skrubu kwa milimita 2, maana joto likipanda kwa nyuzi 40 bamba la sentimita 60 hurefuka karibu nusu milimita. Nyuma ya bamba wekeni washa (vipete vya skrubu) za kuliacha wazi milimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, maji ya masika yashuke na vumbi lisigande.

Mkihofia wauza vyuma chakavu, na hofu hiyo ina msingi, chukueni graniti ya milimita 20. Itakuwa na kilo 13 hivi, dhidi ya kilo 6 za shaba ya milimita 3, kwa hiyo iwekeeni pia kishikizo cha kuibeba chini. Maandishi yachongwe. Stika hupauka kwa jua letu.

Tukipeleka wanafunzi kwenye michoro ya miambani Kolo, tuipigeje picha ionekane vizuri? *Msomaji, Kondoa*

Msiimwagie maji, hata kidogo. Wengi wamefanya hivyo ili rangi nyekundu ikolee, lakini maji hubeba chumvi za mwamba zikaacha utando mweupe juu ya mchoro, na rangi huondoka. Michoro hii iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Piga kivulini, bila flashi wala kugusa, kisha ongeza ukolezi wa rangi kwenye kompyuta. Anzieni ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo Kolo mpate mwongozaji.