Maswali ya Wasomaji: Monita Kuukuu, Picha Ukutani

Barua nyingi safari hii zinahusu jambo moja: kufungua monita ya LCD, kuondoa taa zake za nyuma, kisha kupitisha mwanga mkali kwenye kioo chake ili picha itokee ukutani. Tumechagua zilizogusa sehemu zinazowakwamisha wengi.

Nina monita mbili kuukuu, ya inchi 15 na ya inchi 19. Nianze na ipi, na nitafunguaje bila kuua kioo? – R.K.

Anza na ya inchi 15. Kioo chake cha 4:3 kina upana wa milimita 304 na kimo cha 228. Cha inchi 19 hufika 376 kwa 301, na kila kioo kinapokua, lenzi na kasha navyo hukua. Zaidi ya hayo, kioo cha zamani chenye nukta chache hupitisha mwanga zaidi kuliko kipya chenye nukta nyingi. Kwa kazi hii uzee ni sifa.

Chomoa waya wa umeme kwanza. Kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi chaji) kwenye bodi ya umeme inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa. Ipime kwa mita. Ikiwa bado ina chaji, iondoe kwa rezista ya ohm 10,000 ya wati 5 kwa sekunde kadhaa, kisha pima tena. Kugusanisha miguu yake kwa bisibisi ni ujanja wa kujitafutia cheche usoni.

Bandua fremu ya plastiki, toa ngao ya bati, na piga picha ya kila kiunganishi kabla hujakigusa. Kioo kimeshikwa na fremu nyembamba ya chuma yenye vishikizo vidogo pembeni. Vinyanyue taratibu kwa bisibisi bapa. Hapa ndipo vioo vingi hufia. Ukingoni utaona vipande vya filamu laini, vya rangi ya kahawia, vinavyounganisha kioo na bodi ndefu nyembamba. Kimoja kikichanika, utepe mzima wa picha hupotea, na hakuna kuchomelea kutakakourudisha. Kwa hiyo usinyanyue kioo peke yake. Kibandike pamoja na bodi yake kwenye kipande kigumu cha plastiki, uvinyanyue kama kitu kimoja.

Chini yake kuna karatasi za kusambaza mwanga, bamba nene la akriliki, karatasi nyeupe na taa nyembamba. Vyote hivyo vinatoka. Taa hizo zina zebaki, usizivunje. Filamu mbili zilizogandamana na kioo chenyewe, mbele na nyuma, ziache palepale. Mwisho, ikunjue bodi ndefu itoke nje ya njia ya mwanga. Riboni (waya bapa wa picha) isipofika kwenye bodi kuu, sogeza bodi kuu, usiivute riboni.

Nimetoa taa, sasa monita inawaka sekunde mbili na kuzima. – M.S.

Inveta, yaani sakiti inayoziwasha taa, imegundua kuwa hakuna mkondo unaopita, ikajilinda. Kabla ya kuhangaika, inua kioo kuelekea dirishani: mara nyingi picha ingali inaendelea na ni taa tu zilizokatwa, basi huna tatizo. Ikiwa monita nzima inazima, tafuta kiunganishi kati ya bodi ya umeme na bodi kuu, soma maandishi ya 12V, 5V na GND (hasi), yathibitishe kwa mita, kisha ilishe bodi kuu kwa adapta yenye volti zilezile. Bodi ya umeme yenye inveta inabaki nje ya kazi.

Natumia LED ya wati 100, lenzi mbili za Fresnel (bapa, zenye mifereji ya duara) za fokasi, yaani umbali wa kukusanya miale, ya milimita 220 na 330, na lenzi ya mbele ya fokasi 320. Katikati ya picha kunang'aa, pembe zina giza, na kuna miviringo myembamba kama ya sahani ya santuri. – A.T.

Miviringo ni mifereji ya Fresnel yenyewe. Umeiweka karibu mno na kioo, na lenzi ya mbele inaionesha pamoja na picha. Acha nafasi ya milimita 20 hadi 30 kati ya kioo na kila Fresnel, nayo itafifia.

Giza la pembeni lina chanzo kingine, nacho ni mpangilio. Kuanzia nyuma: LED, kisha milimita 220, Fresnel ya 220, kioo, Fresnel ya 330, lenzi ya mbele. Upande wenye mifereji wa Fresnel zote mbili utazame kioo. Upande laini wa ya kwanza utazame LED, wa ya pili utazame lenzi ya mbele. Fresnel ya nyuma hunyoosha miale ipite kwenye kioo ikiwa sambamba, ya mbele huikusanya ipenye kwenye lenzi. Miale isiyopenya kwenye lenzi haifiki ukutani, na ile ya pembeni ndiyo hukosa mlango kwanza.

Kuna jaribio la dakika moja. Toa kioo, washa LED kwa nguvu ndogo, na uweke karatasi nyeupe pale lenzi ya mbele inapokaa. Unapaswa kuona mraba mdogo mkali: ni taswira ya LED yako, imekuzwa mara 330/220, yaani mara 1.5. LED ya milimita 24 itatoa mraba wa takriban milimita 36, na huo unaingia bila shida katika lenzi yenye kipenyo cha milimita 80. Ukiona doa pana lenye kingo zilizofifia, sogeza LED mbele au nyuma hadi mraba ujichonge. Mraba ukiwa upande mmoja, LED haiko katikati ya mhimili. Hilo linaweza kuharibu pembe. Funga skrubu za LED baada ya jaribio hili, si kabla.

Sasa umbali wa lenzi. Picha ya upana wa mita 2 ni ukuzaji wa 2000/304, karibu 6.6. Kutoka kwenye kioo hadi kwenye lenzi ni 320 × (1 + 1/6.6), milimita 368, kutoka kwenye lenzi hadi ukutani ni 320 × 7.6, mita 2.43. Kwa picha ya mita 1.5 lenzi inakaa milimita 385, kwa ya mita 3 milimita 352. Reli ya kusogea sentimita tano inakidhi yote hayo.

Usitarajie sinema ya mchana. Fresnel yako hukamata karibu theluthi ya mwanga wa LED, na kioo huruhusu takriban asilimia 5 ya hiyo. Chumba kiwe giza totoro.

Baada ya dakika ishirini doa jeusi hutokea katikati ya picha na kupanuka. Nikizima, linatoweka. – H.B.

Kioo chako kinapikika. Fuwele za kimiminika hufanya kazi kwa kupanga molekuli zake. Zikipata joto kupita kiasi mpangilio huvurugika, haziuzungushi tena mwanga, na filamu ya mbele inauzuia. Ndiyo maana doa ni jeusi. Zikipoa hurudi, lakini filamu zenyewe zikiungua na kuwa njano hazirudi. Umepewa onyo, litumie.

Ile asilimia 95 inayozuiwa haipotei hewani, inageuka joto ndani ya kioo. Weka feni ya milimita 120 ipulize sambamba na uso wa kioo unaotazama taa, kwenye ile nafasi ya milimita 20 hadi 30, na tundu la kutokea hewa upande wa pili lisiwe dogo kuliko la kuingilia. Lenga kioo kisizidi nyuzi 50 za Selsiasi. Ukitumia taa ya metali halaidi, weka pia kioo cha kuzuia infraredi kati ya taa na Fresnel, maana Fresnel ya akriliki hulegea kabla hata maji hayajachemka. Kwa anayeanza tunapendekeza LED: joto lake kubwa linabaki nyuma, kwenye hitisinki, yaani chuma cha kuipooza. Kipozeo cha prosesa ya kompyuta chenye feni kinafaa, kikiwa na pesti nyembamba katikati. Funga pia swichi ya joto ya nyuzi 70 kwenye hitisinki, ikate LED feni ikifa.

Picha iko kichwa chini. – L.N.

Lenzi hupindua juu-chini na kushoto-kulia. Zungusha kioo nusu duara, basi. Ikiwa umeweka kioo cha kujitazamia njiani, maandishi yatabaki yakisomeka kinyume. Geuza LCD mbele iwe nyuma.

Niliichuna filamu ya mbele nikidhani ni plastiki ya kinga. Sasa ukuta ni mweupe tu. – D.O.

Uliyoichuna ni polaraiza, filamu inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Picha ingali ndani ya kioo, ila jicho haliwezi kuiona bila filamu ile. Ya zamani ikirudishwa hubaki na viputo na mikunjo, kwa hiyo tafuta karatasi mpya ya polaraiza. Safisha gundi kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili bila kugandamiza, washa kioo, ishike karatasi mbele yake na uizungushe polepole. Kuna pembe moja ambapo nyeusi inakuwa nyeusi kweli. Mara nyingi ni nyuzi 45 kutoka ukingoni. Chora mstari hapo kwa kalamu kabla ya kukata.