Nani anaweza kukusemea mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi?

SWALI: Salaam, mheshimiwa wakili. Nina duka la jumla hapa Arua. URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) walinikadiria VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kubwa, mhasibu wangu akapeleka pingamizi, na wiki iliyopita likakataliwa. Wakala wa forodha anayenitolea mizigo mpakani Vurra anasema ataniwakilisha kwenye Baraza la Rufaa za Kodi kwa kuwa anawajua watu wa URA. Rafiki yangu naye anasema bila wakili sitasikilizwa kabisa. Nimsikilize nani?

JIBU: Rafiki yako amekosea. Sheria inakuruhusu kufika mwenyewe au kuwakilishwa na mtu mwingine, na si lazima mtu huyo awe wakili. Baraza halibanwi na kanuni za ushahidi kama mahakama, na linatakiwa kusikiliza mashauri bila taratibu nzito. Ukishindwa ukaenda Mahakama Kuu, mambo hubadilika: rufaa huko ni ya hoja za kisheria peke yake, na anayekusemea kwa malipo lazima awe wakili mwenye cheti hai.

Wakala wako ndiye anayenitia hasira, maana maneno yake nayasikia kila mara. “Nawajua watu wa URA.” Ndugu yangu, katika shauri hili URA ni mpinzani wako! Wanaoamua ni wajumbe wa Baraza, si wafanyakazi wake. Katiba yenyewe, ibara ya 152, iliagiza Bunge litunge sheria za kuunda mabaraza ya kodi. Kujuana na mpinzani wako kutakusaidia nini? Akikuomba pesa za “kumwona ofisa”, anakutumbukiza kwenye kosa la rushwa huku siku zako za kukata rufaa zikiisha.

Leseni yake ni ya kushughulikia hati za mizigo. Mbele ya Baraza, mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe mlipakodi: uonyeshe kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa. Hilo huonyeshwa kwa ankara, risiti za EFRIS (mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki), taarifa za benki na vitabu vya hesabu vinavyolingana. Nimesoma maombi ya vishoka yenye kurasa nzima za kulia kwamba biashara ni ngumu, bila ankara hata moja.

Na kuna jambo wanalolificha, au hawalijui. Uwakilishi hauanzi siku ya kusikilizwa, unaanza kwenye pingamizi. Baraza likikaa, utabaki na hoja zilezile ulizoandika katika pingamizi, isipokuwa Baraza lenyewe likuruhusu kuongeza. Kwa hiyo anayekuandikia mistari miwili, “kodi ni kubwa mno, tunaomba mtuhurumie”, amekwisha kukuharibia kesi kabla haijafunguliwa. Watu hununua pingamizi za namna hiyo kwa bei ya chakula cha mchana, kisha wanakuja kwangu wakitaka muujiza. Kabla ya kumchagua yeyote, chukua nakala ya pingamizi lako uisome neno kwa neno.

Mhasibu wako anaweza kukuwakilisha, lakini nakushauri umwache awe shahidi. Yeye ndiye aliyetunza vitabu, na ndiye atakayeulizwa namba zilitoka wapi. Shahidi anaapa na kuhojiwa. Mwakilishi anajenga hoja na kuwahoji mashahidi wa URA. Akifanya yote mawili, mawakili wa URA watamwandama, na hutakuwa na mwingine wa kumtetea.

Siku sasa. Una siku 30 za kupeleka maombi kwenye Baraza tangu ulipopokea uamuzi wa pingamizi, na wiki moja imeshapita. Mazungumzo ya ofisini hayasimamishi hesabu hiyo. Tayarisha pia asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu usiyoipinga, yoyote iliyo kubwa zaidi. (Ungekuwa mgogoro wa ushuru wa forodha, ungefuata sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye siku 45.)

Wenye maduka wote, wa Arua, Busia hata Kikuubo, nawaomba: kabla hujatoa shilingi, mwambie anayetaka kukuwakilisha aandike jina lake kamili kwenye maombi, atie sahihi, na akupe risiti ya malipo. Kishoka hukubali kuchukua pesa, lakini hakubali kuacha sahihi yake. Akianza kuzungukazunguka, chukua faili lako uondoke siku hiyohiyo.