Gari likiwa juu ya jeki linakudanganya

Juzi nimemkuta kijana wetu wa gereji amelala chini ya pikapu iliyopunguzwa kimo, ipo juu ya jeki, ekseli inaning'inia, futi mkononi, anapima nafasi ya mifuko ya upepo ya nyuma, ile ya mpira inayosaidia springi kubeba mzigo. Nilicheka, halafu nikakasirika. Wadogo zangu, kosa hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

1. Pima gari likiwa limekalia matairi yake, kisha pima tena likiwa na mzigo.

Pikapu niliyoikosea mimi, ya mteja, ilishushwa kimo kwa kuhamisha ekseli kutoka chini ya springi kwenda juu yake, na chasisi haikukatwa kuipa ekseli nafasi. Nikapiga jeki kwenye chasisi, ekseli ikashuka, nikaona uwazi wa kuingiza kichwa. Nikaagiza mifuko ya kimo cha kawaida. Nikatoa hata zile stopa za mpira zinazozuia ekseli isigonge chasisi, nikafunga, nikapiga picha. Kushusha jeki tu, mfuko ukabonyea kama mto uliokaliwa na mtu mnene.

Hapo ndipo ningefungua nianze upya. Badala yake nikajaza upepo. Nyuma ikapanda, mwenye gari akauliza, "Fundi, si nilikulipa uishushe?" Nikatoa upepo karibu wote, gari likalala vizuri, akaondoka anapiga mluzi. Kesho yake akapakia mzigo. Tuta la kwanza, mfuko ukajikunja, ukabanwa, ukapasuka, na chuma kikagonga chuma. Alipolirudisha nilikuta kwenye mpira alama yenye pembe sita, saizi ileile ya kichwa cha bolti niliyoifunga kinyume, kichwa kikaelekea mfuko. Nikamwambia mpira ulikuwa mbovu. Naona aibu mpaka leo, ingawa mifuko mipya, mifupi, nilinunua kwa pesa yangu.

2. Usiendeshe mfuko ukiwa mtupu. Mingi inataka angalau psi 5 (kipimo cha presha ya upepo) hata gari likiwa halina kitu. Karatasi ya mtengenezaji ipo kwenye boksi, isome kabla hujaifutia grisi.

3. Paipu ya upepo ikatwe kwa wembe, kata iwe imenyooka, isiwe ya mshazari. Ukikata kwa koleo inabonyea, itavuja usiku kucha. Paka sabuni ya povu kila kiungio uone kama kinavuja.

4. Kila mfuko na paipu yake ya upepo. Ukiunganisha, kwenye kona upepo unaukimbia upande uliolemewa, gari linazidi kulala.

5. Ekzosi ikipita karibu, weka bati la kukinga joto. Wewe ukiungua unajua kusogea, lakini mpira haujui.

6. Mifuko haiongezi uwezo wa gari kubeba. Ekseli ni ileile, breki ni zilezile. Na kuna pikapu zenye vali inayogawa breki za nyuma kwa kusoma kimo cha gari: ukiinua nyuma kwa upepo, vali inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma wakati umebeba mzigo wa kutisha. Mteja akikwambia "jaza tu, nipakie mara mbili", mrudishie funguo zake.

Kijana wetu alitoka chini, akashusha jeki, akapima upya. Akautazama mfuko, akaitazama futi, akaniangalia mimi. Kisha akaurudisha kwenye boksi bila kusema neno, akaenda kutafuta risiti.