Kukasti hakugeuzi alizeti kuwa zabibu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika programu ya Java ya ghala la ushirika wetu hapa Dodoma. Nina klasi (aina ya vitu) Zao, na watoto wake Zabibu na Alizeti. Nikiandika `Zabibu z = (Zabibu) zao;` kompaila, kile kinachokagua na kutafsiri msimbo, inakubali, ila programu ikiendeshwa mara inakwenda, mara inakufa na kosa la `ClassCastException`. Jamaa kanishauri nizungushie `try` na `catch` tupu, kosa likitokea limezwe kimya. Nifanye hivyo?
Msomaji, Kizota

JIBU: Marahaba. Usithubutu.

Kinachonichosha kila wiki ni imani kwamba kukasti, yaani kutanguliza jina la aina kwenye mabano kama ulivyofanya, kunageuza kitu. Nadhani imetokana na namba: `(int) 7.9` kweli inakupa 7. Kwa vitu vya klasi hakigeuki chochote. Chukua kiroba cha alizeti, kiandike ZABIBU kwa rangi nyekundu. Ndani ni alizeti vilevile. Mabano yale ni kiapo chako kwa kompaila kwamba humu mna zabibu. Nayo inakuamini, maana Zabibu ni mtoto wa Zao, jambo linawezekana. Anayefungua kiroba ni JVM, mtambo unaoendesha programu za Java, programu ikiwa inakimbia, na akikuta alizeti anagoma. Ndiyo maana kwako inategemea mkulima gani kaleta mzigo.

Tangu Java 16, ya mwaka 2021, unaandika `if (zao instanceof Zabibu z)`: inapima na kukukabidhi `z` palepale, na `null`, yaani pasipo na kitu, haipiti. Ila kama unapima ili tu uchague kanuni ya bei, weka `bei()` kwenye Zao, kila mtoto aijibu kivyake. Hapo huna haja ya kukasti.

Hao wauza njia za mkato ndio walewale wanaoandika `List` bila `<Zabibu>`, orodha isiyotaja ndani mna nini, ilhali Java 5 ilituletea hiyo tangu 2004. Wakihamia lugha ya C++ wanakasti kutoka mzazi kwenda mtoto kwa `static_cast`, isiyopima chochote programu ikiwa inakimbia, badala ya `dynamic_cast`, ambayo kwa pointa (anwani ya kitu) hurudisha `nullptr`, anwani tupu, kitu kisipolingana. Java angalau inakugomea usoni.

Niliwahi kuitwa kukagua mfumo wa ghala moja uliojaa `catch` tupu. Daftari la karani lilikuwa na viroba 43, kompyuta ina 31. Kumbukumbu za makosa: nyeupe. Tulikaa chini na karani, tukahesabu kiroba kimoja kimoja.